Akifika Meru, Tunarudi

Walitupanga mbele ya mimbari, wanawake saba, kila mmoja amevishwa shingoni viazi vitamu vilivyofungwa kwa kamba ya mgomba. Viazi vilikuwa bado na udongo. Mama yangu alisimama mkono wangu wa kulia, damu inamtoka puani, naye anailamba ili isidondoke kwenye sakafu ya kanisa. Hedimani Nyaga, mkuu wa kijiji chetu, alikuwa na bunduki. Mzee wa kanisa Yoeli alikuwa na Biblia. Yoeli akamgeukia Mwalimu, kiongozi wa ibada yetu, akamwuliza, watu wote wakisikia:

"Mwalimu, ulijua kwamba wanawake hawa hutoka kwenda shambani wakati wa maombi?"

Mwalimu akatutazama mmoja mmoja, kama mtu anayekagua mbuzi wake jioni. Kisha akasema:

"Sikujua. Nilikuwa nimefumba macho."

Hayo tu.

Ninayeandika ni mimi Wanja, na shule yangu iliishia darasa la ubatizo. Herufi hizi nilifundishwa na mtu huyo huyo, kwa makaa juu ya ubao. Jina lake sitalitaja. Majina ya wale wengine nitayataja, na nitayarudia, kwa sababu wao walitenda kwa kupenda. Yeye nitamwita Mwalimu kama tulivyomwita. Hata leo nikijaribu kumwita kwa jina lingine ulimi wangu unakataa, na mimi naona aibu kwamba unakataa.

Waliozaliwa juzi hawajui tuliishi vipi wakati wa Dharura, miaka ya vita vya Mau Mau. Tuliondolewa kwenye migongo yetu ya milima, nyumba zikachomwa, tukakusanywa kwenye kijiji kimoja, nyumba kwa nyumba, paa linagusana na paa. Kijiji kilizungukwa na mtaro wenye vijiti vilivyochongwa, na geti moja tu, na getini homugadi, yaani watu wetu wenyewe waliopewa bunduki na serikali. Asubuhi tulichimba mtaro mwingine kule ukingoni mwa msitu, ili watu wa msituni wasipate kushuka kutafuta chakula. Jioni tulipewa saa moja ya kutoka: uteke maji, uokote kuni, uchimbe chakula, urudi. Shamba letu lilikuwa ng'ambo ya kijito, na saa hiyo yote iliishia kwenye msongamano wa getini, maji na kuni. Viazi vilioza ardhini, nasi tukiviona toka getini, majani yamestawi kabisa. Watoto wakaanza kuvimba miguu.

Hapo ndipo misheni ikamleta Mwalimu. Alitoka upande wa Meru, na Kiembu chetu alikisema kikiwa na Kimeru ndani, ukimsikia unacheka kabla hujaelewa. Kanisa kubwa lilikuwa juu barabarani, na watu hawakuruhusiwa kulifikia bila pasi, kibali cha serikali. Misheni ikaona afadhali kanisa liwafuate watu, lianzishe matawi karibu na kila kijiji. Serikali nayo ikafurahi, ikidhani mtu anayeimba hawezi kula kiapo cha watu wa msituni.

Kwa mwili Mwalimu hakuwa kitu. Mwembamba, koti kubwa, goti moja lililia alipotembea. Alikuwa mwoga. Aliogopa mbwa, aliogopa radi, alimwogopa Nyaga, na hakuficha. Mbwa wa homugadi akibweka, Mwalimu alijibanza katikati yetu wanawake. "Akina mama, nisitirini," alisema, "Mungu hakunipa ujasiri, alinipa sauti tu." Tulicheka. Nyanya mmoja alikuwa akimwambia, "Mwalimu, ukioa mwingine tafuta mwenye fimbo." Naye anajibu, "Huyu niliye naye ana fimbo, mama, ndiyo maana niko huku kwenu."

Lakini mwoga huyo ndiye aliyebishana na hedimani juu ya mahali pa kujenga. Nyaga alitaka kanisa lijengwe ndani ya uzio, chini ya mnara wa askari. Mwalimu akasimama mbele yake, koti linatetemeka.

"Hedimani, na ubatizo?"

"Ubatizo una nini?"

"Mtu mzima nimbatize kwa sufuria? Nipe mahali pa maji."

Nyaga akacheka mpaka akakohoa, akampa mahali nje ya uzio, kando ya kijito. Na ng'ambo ya kijito ndiko mashamba yetu yalikoanzia.

Alijenga kwa mikono yake mwenyewe. Hapo utamwona vizuri mtu huyu, kwenye kuta. Ukuta wa mbele aliukandika udongo ukawa laini kama chungu. Za kando vilevile. Ukuta wa nyuma, ulioelekea kwenye migomba na kijito, aliuacha fito tupu. Tukimwuliza anasema, "Huo tutaukandika mvua zikikatika." Mvua zilikatika, zikarudi, zikakatika tena. Alipoanzisha tawi la pili kwenye kijiji cha chini, ukuta wa nyuma, fito. La tatu, fito. Wazee wa kanisa kubwa walimsema sana, kwamba Mwalimu huyu ni hodari wa kuanza na mvivu wa kumaliza. Yeye aliinamisha kichwa, akasema ni kweli, ana udhaifu huo tangu utoto.

Na maombi yake! Hakuna mtu aliyewahi kuomba kirefu kama yule. Maombi yake yalikuwa safari. Alianza hapo tulipo, akaombea kijiji, wagonjwa, walioko kizuizini. Akateremka Kiritiri, akaombea mbuzi wa kule na ukame wao. Akavuka mpaka Ishiara, akaombea soko, akaombea wanaovuka mto. Kisha akaanza kupanda, kijito kwa kijito, mpaka afike Meru, kwao, na huko ndiko palipokuwa na Amina. Homugadi aliyelinda mlango wa mbele alichoka kusikiliza, akaketi kwenye jiwe, akawasha sigara.

Sisi wa benchi za nyuma tulikuwa tumeshasogeza fito mbili na kupita. Hakuna aliyetufundisha. Hapakuwa na mkutano wala neno lililosemwa. Jumapili moja mwanamke mmoja alitoka, akarudi na viazi kwenye kiondo chini ya shuka, na Jumapili iliyofuata tukatoka wengine. Waliobaki waliitikia kwa sauti kubwa, "Ndiyo Bwana! Ndiyo Bwana!" ili kanisa lisionekane tupu. Tulikwenda kwa zamu. Na sisi tuliokuwa shambani tulimsikia, maana sauti alipewa kweli. Tulichimba akiwa Kiritiri. Tulifunga mizigo akiwa Ishiara. Akifika Meru tunarudi.

Sasa wewe unayesoma utaniambia, labda kweli hakujua. Ngoja.

Siku moja mwiba ulinichoma mguu shambani, ukavunjikia ndani. Nikachelewa. Wenzangu walirudi wakaingia, mimi bado niko kwenye migomba narukaruka. Nikamsikia Mwalimu amefika Meru, nikajua nimekwisha. Mara akanyamaza. Kisha akasema, "Lakini Bwana, mbuzi wa Kiritiri tuliwaombea haraka haraka. Turudi." Akarudi Kiritiri! Akaombea mbuzi jike, akaombea dume, akaombea na wachungaji wao. Nilipoingia na kukaa kwenye benchi, akapanda Meru mara moja, Amina. Mwanamke mmoja jirani yangu alicheka akiwa amejiziba mdomo kwa shuka, mabega yanaruka.

Siku nyingine mama yangu, kwa moyo wake mwema, alimpa nduma, yaani gimbi, baada ya ibada. Mwalimu akaigeuza mkononi. Akamrudishia. "Mama Wanja," akamwambia polepole, "nduma hii ina udongo mbichi. Ioshe kabla hujapita getini."

Alijua. Hivyo ndivyo alivyojua.

Na huyu ndiye mtu aliyechukia uongo kuliko radi. Jumapili moja alikatiza mahubiri katikati, uso umemshuka. "Ndugu zangu, wiki iliyopita niliwaambia nilitembea kwa miguu kutoka Meru. Si kweli. Kutoka Chuka hadi Runyenjes nilibebwa na lori la mbao." Watu wakacheka, yeye hakucheka. Alikaa chini, akaomba msamaha, ndipo akaendelea. Kwenye darasa la ubatizo, ukisema umesoma na hujasoma, alikuambia ukae nje mpaka uongo ukauke. Mimi nilikaa nje mara nyingi.

Kwa hiyo matawi yakakua. Habari ilipita kisimani na mtaroni, kutoka kijiji hadi kijiji, kwamba liko kanisa lenye maombi marefu. Wanawake waliokuwa hawajakanyaga kanisani maisha yao yote wakajiandikisha ubatizo. Miguu ya watoto ikapona. Misheni ikasikia hesabu ya waumini, ikashangaa, ikasema Roho ameshuka. Kwenye kanisa kubwa, ambako Yoeli alikuwa mzee wa kwanza, benchi zilikuwa na nafasi. Yoeli akataka kujua siri ya Mwalimu ni nini.

Akaja Jumapili. Akapewa kiti mbele, uso kwa watu, kama mgeni mkubwa. Viatu vyake vilikuwa vipya. Mwalimu alipomwona, alifunga vifungo vya koti lake mpaka juu. Nafikiri alitaka kufupisha siku ile, lakini njaa ilikuwa imetushika vibaya wiki hiyo, tulikuwa tumenyimwa hata ile saa moja kwa sababu ya bunduki iliyopotea. Alitutazama, akatazama ukuta wa nyuma, akafumba macho. "Tuombe."

Tukatoka. Mimi, mama yangu, Wambeti, na wengine wanne. Wambeti alikuwa ameolewa mwaka huo, alikuwa mjamzito, tumbo bado dogo.

Yaliyotokea kanisani tuliambiwa na waliobaki. Mwalimu alikuwa Kiritiri wakati Yoeli alipofumbua macho. Akaona benchi tupu. Akaona fito zimesogezwa. Hakupiga kelele. Alivua viatu vyake vipya, akapita kwa soksi hadi mlango wa mbele, akamnong'oneza homugadi, na homugadi akakimbia kumwita Nyaga. Mzee wa kanisa, soksi miguuni, watu wakiomba! Sijui alijifunza wapi.

Sisi tulikuwa tumeinama tunachimba. Tulisikia Mwalimu ametoka Kiritiri na kuruka mpaka Meru bila kupita Ishiara. "Meru, Bwana! Meru! Meru!" Sauti yake ilikuwa imepasuka. Tukatupa majembe tuliyokuwa tukiyaficha shambani, tukakimbia. Mama akasema, "Leo amefika upesi, kuna nini?" Hatukujua kuna nini. Tulikimbilia kijitoni na vyondo vyetu mgongoni, na ng'ambo alikuwa amesimama Nyaga.

Wambeti alijaribu kurudi nyuma. Nyaga alimpiga kitako cha bunduki kiunoni, akaanguka majini. Nyaga huyo huyo ambaye mama yake na nyanya yangu walichota maji kisima kimoja. Mama yangu alimwambia, "Nyaga, hivi ni viazi vyangu, unalijua shamba langu." Ndipo akapigwa puani.

Mengine nimeshayasema.

Yoeli alitusomea hukumu hapo hapo. Tumeiba wakati wa maombi na kumdhihaki Mungu. Tumetengwa na meza ya Bwana mpaka kila mmoja atubu wizi wake mbele ya kanisa. Wizi! Viazi tulivipanda kwa mikono yetu, kwenye mashamba ya waume zetu. Wiki ile Nyaga alituamuru tubebe udongo, na Mwalimu akaukandika ukuta wa nyuma sisi tukimtazama. Aliukandika vizuri sana, ukawa laini kuliko ule wa mbele. Hakutuangalia. Mama yangu alimpelekea maji ya kunawa, akanawa, akasema asante kwa sauti ambayo hatukuisikia vizuri.

Ukuta mmoja tu aliukandika. Kwenye matawi mengine fito zilibaki kama zilivyo, na maombi yaliendelea kuwa marefu. Hilo nililijua baadaye sana, kutoka kwa wanawake wa kijiji cha chini. Wao walikula mpaka Dharura ikaisha.

Wambeti mimba ilimtoka, na damu haikukoma. Alikufa kabla ya mvua. Kwa kuwa alikuwa ametengwa, hakuimbiwa wimbo. Alizikwa na mumewe na mama yangu na mimi, pembeni ya mtaro, na homugadi akituambia tuharakishe. Mwalimu hakuja. Siku ile mama yangu aliniambia jambo moja tu: "Mimi nisizikwe hivi."

Miaka imepita. Tulirudi kwenye migongo yetu ya milima. Matawi yale yamekuwa makanisa ya mawe, na kila mwaka Yoeli husimama kusimulia jinsi yalivyozaliwa kwa moto wa uamsho. Ana mvi sasa, ni mwenyekiti wa kila kitu. Watu hupiga makofi. Nami nikiwa nje dirishani huwa nasikia mwili wote ukiwaka, si kwa hasira tu. Naona aibu kwa niaba yao. Njaa yetu wameivalisha kanzu. Wanamshukuru Mungu kwa waumini ambao walikuja kwa sababu ya viazi, na waliovileta viazi hivyo wamewekwa nje.

Wale wenzetu wanne walitubu mmoja baada ya mwingine, wakarudishwa. Siwalaumu. Mama alikataa. "Nitubu viazi vyangu? Nimdanganye Mungu nikiwa nimesimama mbele yake?" Mimi nilikataa naye, na mimi sidai meza yoyote tena. Lakini yeye anaitaka. Kila Jumapili ya ushirika anavaa kitambaa cheupe na kukaa kitandani akisikiliza. Sasa anaumwa, hatoki nje. Mchungaji kijana alikuja, mtoto mzuri, akaniambia habari za mama, "Shosho akiri tu hata kwa neno moja, iishe, nimletee mkate hapa hapa." Mama akageukia ukuta.

Mchungaji akasema basi aje shahidi. Aje mtu wa kanisa aseme kwamba haukuwa wizi, kwamba kiongozi wa ibada alijua na aliruhusu. Shahidi wa namna hiyo duniani ni mmoja.

Nikaenda Ishiara, anakoishi siku hizi kwa binti yake. Nilimkuta ameketi uani kwenye gunia, anapepeta pojo. Koti ni jingine, lakini bado kubwa. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, maneno makali. Nilipofika nikapiga goti, nikamshika mkono kwa mikono miwili kama mtoto wa darasa lake. Aibu iliyoje.

"Wanja," akasema. "Mguu ulipona?"

Hata mwiba aliukumbuka. Nikamwambia ulipona. Nikamweleza hali ya mama. Akasikiliza, vidole vinaokota mawe kwenye ungo.

"Siku ile," akasema, "ningesema najua, wangefunga matawi yote. Wale wa vijiji vingine wangekula nini?"

"Hilo nalijua, Mwalimu. La siku ile nilishakubali zamani. Nakuuliza za baadaye. Dharura iliisha. Nyaga alirudisha bunduki. Nani alikufunga mdomo tena?"

Akaokota jiwe kwenye ungo, akalitupa.

"Nilikwenda kwa Yoeli," akasema. "Mwaka ule ule tuliporuhusiwa kutembea. Nilimwambia yote. Fito, safari ya maombi, yote. Nikamwambia, waite wale wanawake, uwaombe radhi, na mimi niombe. Akaniambia, Mwalimu, ukisema hivyo, matawi yote yatakuwa ni hadithi ya viazi. Misheni itatuona wajinga. Kanisa litaaibika."

"Ukamjibuje?"

"Nilinyamaza. Kanisa nililipenda, Wanja."

"Kwa hiyo aibu ikabaki kwetu."

"Ikabaki kwenu."

Nilimwomba aje. Nilimwambia gari nitatafuta, kiti nitambebea, aseme sentensi moja tu mbele ya mchungaji. Aliutazama ungo. Binti yake alikuwa amesimama mlangoni na sufuria mkononi, amesikia kila kitu, amekauka. Mwalimu akasema, "Yoeli yuko hai bado?"

"Yuko hai. Ana nguvu kuliko wewe."

"Mbele yake sitaweza. Nitasema nini akiniangalia? Mimi ni mwoga, Wanja, si mnajua."

Tulikuwa tukicheka zamani aliposema hivyo. Binti yake akaweka sufuria chini, akasema, "Baba, huo si mzaha." Mimi nikainuka, nikakung'uta sketi, nikaaga. Akanifungia pojo kwenye kitambaa nimpelekee mama. Nilizichukua. Mama alizila, akamwombea.

Basi nimeandika, kwa sababu wanaume wawili waliokuwa na mdomo wamekataa kuutumia, na wa tatu, Nyaga, alishazikwa kwa nyimbo na maua. Nimesema mbele ya wote wanaosoma: Mwalimu alijua, aliruhusu, na Yoeli aliambiwa kwamba alijua na aliruhusu, akaficha.

Sasa, Yoeli, ni wewe. Sikuulizi habari za Wambeti, hayo utamjibu mwenyewe huko mbele. Nakuuliza la mtu aliye hai. Wewe ndiye uliyemtenga mama yangu kwa mdomo wako, na hakuna mwingine anayeweza kulitengua neno lako. Nyumba yetu unaijua, iko chini ya barabara, mlango hatufungi mchana. Mama bado anapumua, na bado anasikia vizuri. Njoo umwambie aliiba nini.